Kapembwa Nyuma ya Goli

Gershom Kapembwa hakupenda filamu za mapenzi, na sababu yake ilikuwa kwamba busu halina sauti.

"Wanaongea, wanaongea, halafu kimya," alisema. "Mimi niliyekaa pale nitajuaje kama wanapendana au wamekufa? Nipe filamu ya ngumi. Ngumi inajieleza yenyewe."

Surua ilimchukua macho akiwa bado anabebwa mgongoni, kwa hiyo hakukumbuka kuona chochote, wala hakutaka kuhurumiwa kwa hilo. Alikuwa fundi wa kusuka viti vya henzirani. Alikaa nje ya ukuta wa uwanja wa mpira hapa Mufulira, upande wa mashariki ambao jua la alasiri haliufikii, miguu ameinyoosha, kiti cha mtu amekipakata kama mtoto, vidole vikienda na kurudi. Mimi nilikaanga vitumbua vya ngano kushoto kwake. Kulia kwake alikuwa Jere, fundi baiskeli. Jere ni Mngoni na Kapembwa ni Mbemba, basi walikuwa watani, na siku yao haikuanza mpaka kila mmoja awe amelitukana kabila la mwenzake.

"Umeamka, mla nyani?"

"Nimeamka, mla panya. Jana nilikusikia unatafuna, nikamhurumia paka wa jirani. Leo atalala njaa."

Wateja walileta viti vilivyokuwa vizima kabisa, ili mradi wapate sababu ya kukaa pale wamsikilize. Kapembwa alikuwa na la kusema kuhusu kila jambo. Kazi ya mgodini aliidharau ingawa nusu ya mji ilikula kwa kazi hiyo. "Kazi inayokuzuia kusikia jirani yako anasema nini," alisema, "hicho ni kifungo, hata kama wanakupa viatu." Muziki wa siku hizi nao hakuutaka. Alikuwa mtu wa kalindula, wa banjo la kopo na babatoni, lile gitaa kubwa la besi linalonguruma chini kama tumbo la mwenye njaa, na alisema kwamba nyimbo za vijana zimepikwa na mashine. "Hazina jasho. Nikisikiliza wimbo nataka nimjue mpigaji amekaa au amesimama, amekula au hajala. Hawa wa sasa sijui hata kama wana matumbo."

"Wewe ndiye mwenye tumbo," Jere alimjibu. "Vitumbua vya Mama Lubuto vinakwisha kabla havijapoa."

Lakini Jumapili ndiyo ilikuwa siku yake. Timu yetu, Shaba, ilipocheza nyumbani, watu waliokosa nafasi ndani walikuja kukaa naye chini ya ukuta, na Kapembwa aliwasimulia mechi. Hakuwa na redio. Mechi za daraja letu hakuna aliyezitangaza redioni. Aliegemeza kisogo ukutani, akanyamaza kidogo, kisha akaanza.

"Kona, yetu. Mnasikia akina mama wanavyopiga makofi? Hawapigi hivyo ila kwa kona. Haya, imepigwa... imepita juu. Tulieni." Halafu: "Ameotea. Kelele imekatika kama mtu aliyemwagiwa maji." Halafu, mpira ukigonga goli juu, hakuiacha nafasi hiyo ipite: "Umegonga mtambaa wa panya! Mshikeni Jere, asije akaukimbilia!"

Goli la wageni alilijua kwa ukimya. Pande tatu za uwanja zilinyamaza na kutoka pembe ya kaskazini, walikokaa wageni, kikatoka kikelele chembamba. Kapembwa alishusha kichwa. Hatukumwuliza. Tulijua.

Hakuwa malaika. Siku moja alituamsha sote, tukarukaruka na kukumbatiana kwa goli, kumbe mbuzi alikuwa ameingia uwanjani na refa anamfukuza. Jere alimkumbusha mbuzi huyo miaka mingi. Hata hivyo tulimwamini, na maneno aliyoyasema ukutani Jumapili yalikuwa mji mzima Jumatatu.

Ndivyo alivyompa kipa wetu jina baya.

Kipa huyo aliitwa Chipasha, kijana mrefu mpole aliyebeba magunia ya unga wa ugali katika ghala moja siku za kazi. Kapembwa hakumpenda tangu alipoanza kucheza. "Mwoga huyo," alisema. "Sikilizeni. Kila mpira ukienda kwake watu wanavuta pumzi. Hakuna anayevuta pumzi kwa mtu anayemwamini. Na yeye mwenyewe hana sauti. Kipa asiyesikika ni sawa na hayupo." Siku tuliyofungwa mara mbili kabla ya mapumziko, akamwita Mlango wa Kanisa, kwa kuwa anamkaribisha kila mtu. Watu walicheka mpaka wakashika mbavu. Mimi pia nilicheka. Baada ya hapo watoto walimwimbia Chipasha jina hilo akipita na gunia mabegani, na wanawake sokoni, na hata mchungaji alilitaja siku moja mimbarini, kwa nia njema kabisa, watu wakaangua kicheko kanisani.

Asubuhi moja kabla ya mvua za kwanza, joto likiwa limeshika kila kitu, mtu alikuja akasimama mbele ya Kapembwa bila kusema neno. Mimi nilimwona ni nani, nikaacha vitumbua viungue.

"Nani huyo anayesimama bila salamu?" Kapembwa aliuliza. "Mtu mrefu. Kivuli chako kimenifunika mpaka miguuni."

"Mlango wa Kanisa," alijibu Chipasha.

Jere aliangusha spana. Kapembwa akaacha kusuka.

"Sikuja kugombana, mzee," Chipasha akasema. "Jumapili tunacheza na Reli. Nyuma ya goli langu kuna benchi, nimeomba ukae pale. Uje na mtu wa kukushika mkono. Ukae mechi nzima. Halafu uniite utakavyo, sitasema kitu."

"Na nyuma ya goli nitaona nini, mwanangu?"

"Hichohicho unachokiona hapa ukutani."

Tulifikiri Kapembwa atachukia. Akacheka, kicheko kifupi cha puani. "Huyu ana ulimi," alisema. "Basi nitakuja. Lakini nikikukuta umelala nitakutangaza mpaka Ndola."

Jere alijitolea kumpeleka. Kapembwa akakataa katakata. "Wewe utaniambia tumeshinda wakati tumefungwa, ili nikaaibike. Nitakwenda na Mama Lubuto. Yeye hajui mpira, atasema anachokiona."

Alisema kweli, sikujua mpira. Nilikuwa nimekaa nje ya ukuta ule miaka yote na sikuwahi kuingia ndani.

Jumapili mkewe, Dailes, alimvisha shati analovaa kwenye harusi za watu na kumpaka mafuta usoni mpaka akang'aa. Nilimpitisha kwenye lango huku watu wakimwita kila upande, "Kapembwa! Leo umekuja kuangalia?" naye akiwajibu mmoja mmoja kwa majina. Lakini tulipotoka kwenye kijia na kuingia uwanjani kwenyewe, alinyamaza. Kelele iliyokuwa ikimjia maisha yake yote kutoka upande mmoja, juu ya ukuta, sasa ilitoka kila mahali. Alinibana mkono.

"Dada, wako wapi?"

"Wametuzunguka, kaka."

"Sisikii kitu," alisema. "Nasikia kila kitu, kwa hiyo sisikii kitu."

Nilimkalisha kwenye benchi. Nyavu zilikuwa mbele yetu, karibu kiasi kwamba angenyoosha mkono angezigusa. Nilimwona anajaribu kufanya kama anavyofanya nje, kichwa nyuma, macho yamefumbwa, lakini hakukuwa na ukuta wa kuegemea na alikaribia kuanguka. Kipenga kilipigwa. Watu walinguruma. Akakaa ameinama kama mtu anayenyeshewa. Nikajuta kwa ajili yake. Nikasema moyoni, tumemleta mtu wa watu kuja kumwaibisha.

Ndipo beki wetu mmoja akapiga mpira karibu na sisi.

Kapembwa aliinua kichwa. "Nini hicho?"

"Kipi?"

"Hicho! Hicho kilicholia. Kama mtu aliyepiga kifua cha mwenzake."

"Ni mpira, kaka. Wameupiga mpira."

"Mpira," alisema.

Alikwisha kuushika mpira, utotoni, ule wa mifuko ya plastiki uliofungwa kwa kamba. Huo ukipigwa haulii, unachakacha tu. Mpira wenyewe, wa ngozi, uliojaa pumzi, unaopigwa na mtu mzima mwenye nguvu zake zote, hakuwahi kuusikia hata mara moja. Miaka yote ile alikuwa akiwasikia watu wanaouangalia.

Tangu hapo hakuniuliza kitu tena. Nilimtazama yeye kuliko nilivyotazama mechi. Kichwa chake kilikwenda na mpira, kushoto, kulia, mbali, karibu. Mpira ukienda upande wa pili alinyoosha shingo. Ukirudi alirudi nao, na midomo yake ilikuwa wazi kidogo kama ya mtoto anayelishwa. Alisikia njumu zikichimba udongo mkavu. Alisikia watu wakihema. Winga wa Reli alipopita mbele yetu kwa kasi, upepo wake ukatupiga usoni, na Kapembwa akaweka mkono shavuni mahali ulipomgusa, akauacha pale.

"Huyu ni mtu?" alinong'ona.

"Mtu."

"Nikadhani farasi."

Na alimsikia Chipasha. Mimi pia nilimsikia, nikashangaa, maana ukiwa nje ya ukuta ungeapa kwamba kijana yule ni bubu. Hakunyamaza hata kidogo. "Mwape, kushoto! Kushoto kwako, ndugu yangu! Vizuri. Tulieni. Usimfuate, mwache aje. Vizuri." Kila neno alilitupa mbele, na kelele za watu zililimeza kabla halijafika mbali. Na mpira ulipokuwa kule upande wa wenzake na hana kazi, alitembea mbele ya goli lake akinguruma chini kwa chini, dum-du-dum, dum-du-dum.

Kapembwa alinigusa goti. "Unamsikia? Anapiga babatoni kwa mdomo." Machozi yalikuwa yanamtoka na hakuyajali. "Yuko peke yake hapo, Mama Lubuto. Watu wote hawa, na yeye yuko peke yake."

Goli lilikuja mwishoni mwa kipindi cha kwanza. Reli walipiga krosi kutoka kulia. Chipasha alitoka golini, nikamsikia kwa masikio yangu akipiga kelele, "Wangu! Wangu, Mwape, acha!" Lakini wakati huohuo uwanja mzima ulipiga kelele, na Mwape, beki wetu, hakumsikia. Aliruka, akaugusa kwa kichwa, mpira ukageuka njia ukampita kipa wake mwenyewe. Nyavu mbele yetu zilifanya *shaaa*, na vumbi likaturukia.

Pande tatu za uwanja zilinyamaza. Kisha matusi yakaanza, na yote yalimwendea Chipasha. "Mlango wa Kanisa! Kipa kipofu! Mtoeni huyo kipofu!"

Kapembwa alisimama. Sikupata hata nafasi ya kumshika. Aliwageukia watu waliokuwa nyuma yetu, fimbo mkononi, uso unang'aa kwa mafuta na machozi, akapaza sauti ile tuliyoizoea ukutani:

"Kipofu ni mimi! Niko hapa! Mkitaka kumtukana kipofu nitukaneni mimi, huyu alikwisha kuita!"

Waliokuwa karibu wakacheka, kisha wakaacha kucheka. Chipasha alikuwa anatoa mpira nyavuni. Aligeuka, akamtazama yule mzee aliyesimama ameupa uwanja mgongo, na sikuweza kujua amewaza nini. Akaupiga mpira kwenda katikati, akaendelea kuwaita wenzake.

Kipindi cha pili Chipasha alilinda goli la mbali, na tulifungwa lile goli moja tu. Watu walitoka wakinung'unika, na mimi nilitaka twende nyumbani kabla ya giza. Lakini Chipasha alikuja, jasho linamtiririka, akachuchumaa mbele ya benchi.

"Haya, mzee. Niite sasa."

Kapembwa alitafuta kichwa chake kwa mkono, akakipata, akauweka mkono juu yake. Hakusema jina lolote. Alisema, "Mwanangu, nipeleke huko wanakochezea."

Basi Chipasha, mpira kwapani, akamshika mkono wakaingia uwanjani, mimi nyuma yao na viatu vyangu nimevivua, sijui kwa nini. Kwanza alimgusisha nguzo ya goli. Kapembwa aliipapasa toka chini kwenda juu, akainuka kwa vidole vya miguu asifike mwisho. "Na upana?" Akaongozwa mpaka nguzo ya pili, na alipoifikia alisimama kidogo. "Yote haya unayalinda wewe? Kwa mikono hii miwili?"

"Kwa hii hii."

"Nilidhani ni kama mlango," alisema Kapembwa. "Mlango wa nyumba. Mtu akiniambia goli, hicho ndicho nilichokuwa nikikijua."

Halafu akaomba apelekwe goli la pili. Walianza kutembea. Kapembwa alikwenda na fimbo mbele, haraka, kama mtu anayevuka ua wa jirani. Akaenda, akaenda. Akapunguza mwendo. "Tumefika?" "Bado, mzee. Hii ndiyo kwanza katikati." Akasimama pale katikati, akavua kofia. Uwanja ulikuwa mtupu, kelele zimeondoka zote, na upepo wa jioni ulitujia kutoka mbali bila kugonga kitu njiani. Alikohoa makusudi ili asikie sauti yake inakwenda wapi. Haikurudi.

"Mama Lubuto," aliniita, polepole, kama aliye msibani au kanisani. "Wewe ulijua?"

"Kujua nini, kaka?"

"Kwamba ni kubwa namna hii."

Nilisema sikujua. Na kweli sikujua, ingawa nina macho. Nilikuwa nimesimama pale na majani makavu yananichoma nyayo, na nilijiona mdogo kama sisimizi aliye juu ya meza.

"Mimi nimewaita watu wavivu," alisema Kapembwa. "Nimemwita mtu mvivu kwa kuwa hakuufikia mpira hapa. Hapa! Huku si uwanja, ni safari." Alicheka. Alitembea mpaka goli la pili, akalishika, akapumzika ameliegemea, anahema. Chipasha alitaka kumletea maji. "Kwanza upige mpira," Kapembwa akasema. "Mimi nikae hapahapa ndani, wewe uupige."

Chipasha aliusimamisha mpira, akarudi nyuma, akaupiga kwa nguvu mbali na mzee lakini ndani ya nguzo. Ulilia, ukapita, ukazikamata nyavu. Kapembwa hakukwepa. Alibaki amesimama na mikono imefunguka kidogo pande zote mbili, na nyavu zilipokwisha kutikisika bado alikuwa anazisikiliza.

Tulipotoka, watu wa ukutani walikuwa bado wapo. Walikuwa wamekaa mechi nzima bila msimulizi, na Jere alikuwa amejaribu kuishika nafasi, wakamzomea.

"Haya, mla nyani," alisema Jere. "Tueleze. Mlango ulifunguliwa na nani?"

Kapembwa alikaa mahali pake. Aliegemeza kisogo ukutani kama kawaida yake.

"Miaka yote nimewasimulia watu," alisema. "Leo nimesikia mpira."

Kisha akawaeleza. Aliwaeleza jinsi mpira unavyolia, na upepo wa winga, na kipa anayeita mpaka anakauka koo na hakuna anayemsikia, na wimbo anaouimba chini kwa chini akiwa peke yake. Aliwaeleza urefu wa uwanja kwa hatua zake mwenyewe na mapumziko yake. Aliwaambia kwamba jina alilompa Chipasha alilitoa mdomoni na leo analirudisha mdomoni, na atakayelitumia asilete kiti kwake. Walikuwapo watu wazima pale waliokwisha kuangalia mamia ya mechi, nao walimsikiliza kama wanaosikia habari za nchi nyingine. Mwisho hata Jere alisema, "Mtani, na mimi nataka kuingia," na hakukuwa na mzaha ndani yake.

Mvua zikaja. Chipasha aliendelea kumwekea nafasi kwenye benchi, na Kapembwa akawa anakwenda Jumapili moja, nyingine anabaki nasi, kwa kuwa wa ukutani tulilalamika. Majirani walisema amekuwa mpole. Si kweli. Kuhusu muziki hakulegeza hata kidogo. Chipasha alikuja jioni na redio yake ndogo, wakakaa wanakunywa munkoyo na kubishana juu ya mpigaji gani alikuwa amekula na yupi hakuwa amekula, mpaka Dailes atume mtu kumwita. Msimu uliofuata kijana akapata timu huko Solwezi, pamoja na kazi. Alikuja kuaga asubuhi, wakashikana mikono muda mrefu.

Kapembwa bado yupo. Jumapili iliyopita Shaba walifunga goli zuri, na ukuta mzima ulitetemeka kwa shangwe. Tuliokuwa chini tuliruka, tukamwagiana munkoyo. Yeye alikaa, kiganja amekiinua akituomba tutulie.

"Ngojeni kidogo," alisema. "Kipa wao yuko chini. Mwacheni kwanza ainuke."